Bi. Kumi na Nne Anastaafu

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilibandika utepe mweusi kwenye namba ya mashua yetu ili Bi. Glenys Oakden asitutambue. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, si baba, si rafiki, wala Bi. Glenys mwenyewe. Nalisema hapa kwa sababu nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake katika jarida la ofisi yetu. Nimejaribu mara tatu kuuandika bila kulitaja, na mara zote nimejikuta naandika habari za mtu mwingine.

Bi. Glenys anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Agosti, baada ya kuitumikia Ofisi ya Mfereji wa Tamebrook kwa miaka thelathini na moja. Alianza mwaka 1994 akiwa karani wa leseni, akakaa mezani miezi minane, kisha akaomba atolewe nje. Mkuu wake wa wakati huo alimuuliza kama anaijua mvua ya huku. "Naijua," alisema, "lakini humu ndani nawaandikia barua watu ambao sijui hata milango yao ina rangi gani." Akapewa koti, buti na maili kumi na tisa za mfereji, kutoka Colverton hadi juu ya malango ya Pikesley, yale ya maji yanayopandisha mashua kilimani ngazi kwa ngazi, azitembee kila wiki na kuandika namba ya kila mashua aliyoikuta na mahali alipoikuta.

Sote tunaijua sheria. Mashua isiyo na gati lake haikai mahali pamoja zaidi ya siku kumi na nne. Lazima iende mtaa mwingine, si kuvuka daraja na kurudi kesho yake. Bi. Glenys ndiye aliyehesabu siku hizo, na ndiyo maana watu wa majini walimpa jina la Bi. Kumi na Nne. Alilijua. Siku moja mzee mmoja alipaza sauti kutoka sitaha ya nyuma, "Amkeni, Bi. Kumi na Nne huyo!" Naye akajibu bila kusimama, "Kwako wewe ni Bi. Kumi na Sita, Ezra, na kesho nitakuwa Bi. Kumi na Saba. Washa injini!"

Ametumia baiskeli nne. Mbili ziliibwa, moja iliingia majini peke yake, na moja aliingia nayo. Ametumbukia mara mbili tu katika miaka yote hiyo, na mara zote mbili, anasema, kosa lilikuwa la bata maji wa Daraja la 33. Daftari lake la karatasi lilibadilishwa na mashine ya mkononi mwaka 2009. Hakuwahi kuiamini sana. Hadi leo hubeba penseli nyuma ya sikio.

Wageni wa majini aliwafundisha mambo ambayo hayamo katika leseni. Aliwaonyesha jinsi ya kukagua mtungi wa gesi kwa maji ya sabuni, jinsi ya kufunga kamba isivutwe na mashua inayopita kwa kasi, na mahali pa kumwaga choo cha kubeba bila kujimwagia. Wanandoa fulani kutoka mjini, wakiwa na mashua waliyoinunua wiki mbili tu nyuma, walimuuliza bomba la maji taka liko upande gani wa mfereji. "Bomba ni nyinyi," akawaambia, "na kibanda cha kumwagia kiko maili tatu mbele. Nendeni leo, kabla hakijajaa." Wapo bado, na sasa wao ndio huwafundisha wengine.

Kila mwaka barafu ilipoziba mfereji, alitembea akitazama mabomba ya moshi. Bomba lisilotoa moshi asubuhi ya barafu lilimfanya agonge dirisha. Mwaka 2010 alimkuta Bwana Ezra yule yule amelala kitini, uso umemwiva, kengele ya hewa ya sumu ikiwa kabatini bila betri. Alimburuta hadi nje, mzee akiwa na soksi moja mguuni. Tangu hapo alibeba betri mfukoni, na aliyekutwa bila betri alipewa mbili pamoja na maneno ambayo siwezi kuyaandika katika jarida hili.

Sasa nirudi kwenye utepe.

Baba yangu ni Wilf Garratt, na mashua yetu ni *Marigold*. Hatuna gati. Nimekulia humo, nimefanyia kazi za shule chini ya taa ya betri, na nimehama kila wiki mbili maisha yangu yote. Majira ya baridi nilipokuwa na miaka kumi na mitano, baba alikutwa na uvimbe shingoni, akapangiwa mionzi siku tano kwa wiki kwa wiki sita. Hospitali iko Colverton, mwendo wa dakika kumi kutoka Daraja la 58. Tukafunga kamba pale.

Siku kumi na nne ziliisha kabla ya wiki ya tatu ya mionzi. Mtaa uliofuata ulikuwa juu ya malango saba ya Pikesley, na huko hakuna basi. Baba alikuwa hawezi hata kuinua birika likiwa limejaa. Zaidi ya hayo, mwaka ule tulikuwa tumeshapata barua mbili za kukaa kupita muda, na leseni yetu ilikuwa imetolewa kwa miezi sita tu badala ya mwaka. Barua ya tatu ingeweza kuwa ya mwisho. Mashua isiyo na leseni huondolewa majini, na mashua hiyo ndiyo nyumba yetu.

Nilimwambia baba aombe kuongezewa muda. Alikataa.

"Nikiomba, wataandika mahali kwamba naumwa," alisema. "Wakishaandika, atakuja mtu na mkoba kuniuliza kama bado naweza kuishi majini. Kisha tutapewa chumba ghorofa ya tatu, Tamsin, tutazame maegesho ya magari mpaka tufe."

"Lakini baba, sheria inaruhusu."

"Sijawahi kuiomba ofisi ile kitu. Sianzi sasa."

Jumanne ya kwanza ya Januari, shule ikiwa bado haijafunguliwa, baba alilala baada ya kurudi hospitalini. Nikachukua utepe wa umeme na kibao cha namba cha dirisha la upande wa njia ya kando ya mfereji. Namba yetu huishia na tatu. Nikakata vipande viwili vidogo nikaifanya nane. Niliona nimefanya kazi safi sana. Saa nane mchana nikasikia buti za Bi. Glenys kwenye kokoto, nikakaa chini nyuma ya pazia.

Buti zilisimama. Mashine ikalia. Nikamsikia akiisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Kisha nikasikia sauti ya Bwana Perce Hollis, muuza makaa ya mawe, aliyekuwa amefunga mashua yake hatua thelathini kutoka kwetu akipakua magunia.

"Glenys! Unaniandika huko mbali kwa nini? Mimi niko huku!"

"Nani kakuandika?"

"Nimekusikia ukisoma namba yangu. Naijua namba yangu, mama, nimeilipia miaka ishirini."

Kati ya maelfu ya mashua za nchi hii, nilikuwa nimeiba namba ya mashua ya makaa, ambayo kila mtu anaijua, siku ambayo yenyewe ilikuwa jirani. Na si hilo tu. Nikiwa chini pale nikakumbuka kwamba nimebadilisha namba lakini *Marigold* bado imeandikwa ubavuni, kwa herufi nyekundu kubwa kama sinia. Nilikuwa nimezipaka rangi upya mimi mwenyewe, pamoja na maua yake, kiangazi kilichotangulia.

"Mashine imepigwa na baridi," Bi. Glenys alimwambia Bwana Perce. "Pima makaa yako wewe, na usiweke mawe."

"Mawe! Nimewahi kukuuzia mawe?"

"Mwaka juzi. Bado ninalo moja, linazuia mlango."

Bwana Perce akacheka, akarudi kwenye magunia. Bi. Glenys akasogea karibu na dirisha letu. Hakugonga. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na kioo.

"Namba ya mashua hii imeshika uchafu. Mwenye mashua aisafishe. Nitapita Alhamisi."

Akaenda zake. Ilinichukua nusu saa kung'oa vipande viwili vya utepe kwa kucha.

Alhamisi nilikuwa kwenye bomba la maji la Daraja la 58 nikijaza madumu, kwa sababu mpira wetu ulikuwa umeganda. Akaja, akaegemeza baiskeli, akashika dumu la pili.

"Namba imetakata," alisema. "Baba anakwenda hospitali mara ngapi?"

"Mara tano. Kila wiki."

"Ofisi inajua?"

"Hataki. Anasema mtaandika kwamba anaumwa, halafu mtamtoa."

"Nani atamtoa?"

"Nyinyi."

"Nyinyi ndio mimi, binti." Alilifunga dumu kwa nguvu. "Nimetembea hapa miaka ishirini na minane. Sijawahi kuona mtu katolewa majini kwa sababu anaumwa. Niliowaona wakitolewa ni wale ambao barua zetu wamewashia jiko bila kuzifungua. Fomu ina maswali matatu. Mnahitaji nini, mpaka lini, na kwa sababu gani."

"Lazima ajaze mwenye leseni?"

"Ajaze anayeishi humo. Wewe unaishi wapi?"

"Humo."

"Basi kalamu hii hapa."

Ilikuwa penseli, ile ya sikioni. Nilijaza fomu juu ya tandiko la baiskeli yake, nikaambatanisha picha ya kadi ya miadi ya hospitali. Hakunitungia hata neno moja. Nilipoandika kwamba baba ni mkaidi alisema tu, "Hilo halijaulizwa," akanipa kifutio.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Tuliongezewa muda mpaka mwisho wa Machi, na ikaandikwa kwenye jalada kwamba siku hizo zisihesabiwe dhidi ya leseni yetu. Bi. Glenys alikuja kumwambia baba mwenyewe. Baba alikuwa amekaa mlangoni na skafu shingoni.

"Bi. Kumi na Nne," alisema kwa sauti iliyobaki. "Umekuja kunifukuza?"

"Umeongezewa muda, Bwana Garratt. Mpaka mwisho wa Machi."

Baba alikunja uso. "Kwa sababu ya malango? Nimesikia tangu juzi mmefunga Pikesley kwa matengenezo."

Bi. Glenys aligeuka akatazama upande wa Pikesley, kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama nyuma ya baba na roho mkononi.

"Pikesley pamefungwa, ni kweli," alisema.

"Nilijua!" baba akasema. "Nilimwambia huyu mtoto. Kaa kimya, usiwapigie magoti, watajirekebisha wenyewe."

"Pole na koo, Bwana Garratt," alisema Bi. Glenys, akapanda baiskeli.

Baba alimaliza mionzi yake. Mwezi wa nne tulipandisha *Marigold* malango yote saba, na Bi. Glenys, ambaye siku hiyo haikuwa zamu yake, alikuwa "akipita tu" akiwa na mpini wa kufungulia malango kwenye mkoba. Baba yuko mzima. Hana namba ya ghorofa wala hatazami maegesho. Mimi nilimaliza shule Juni mwaka huu na nikaja kuomba kazi katika ofisi hii, na sasa mnajua kwa nini.

Sitaki kumaliza bila kutaja kwamba barua mpya ya ofisi ni kazi yake. Ile ya zamani ilianza na neno "Umekiuka". Kwa miaka sita Bi. Glenys alikuja kwenye kila mkutano na karatasi ile ile, mpaka ikabadilishwa. Ya sasa inaanza kwa kuuliza kama kuna jambo linalomzuia mwenye mashua kuondoka, na namba ya simu iko juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Mwaka wa kwanza wa barua hiyo, waliopiga simu waliongezeka mara tatu.

Bi. Glenys, ahsante kwa maili zote hizo. Ahsante kwa betri, kwa madumu, na kwa yale uliyoyaona ukanyamaza. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, kwa hiyo Ijumaa pengine nitakupa mkono tu. Tunakuombea mapumziko marefu, magoti yasiyouma, na asubuhi nyingi za kukaa kitandani ukisikia mvua ambayo si lazima uingie.

Na nyinyi wenzangu, nawaomba jambo moja. Baba amealikwa Ijumaa, na atakuja. Nakala yetu ya jarida nimeshaificha. Lakini akishakunywa kikombe cha pili cha chai atawaeleza, kama anavyoeleza kila mahali, kwamba katika maisha yake yote Wilf Garratt hajawahi kuiomba ofisi hii kitu. Tafadhali, mwitikieni kwa kichwa, mumkatie keki, na msimwambie.

Tamsin Garratt
Mwanagenzi, Idara ya Leseni