Gari la Kapteni Linavuja

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali. Limeegemea ukuta wa kinyozi, na mbele yake, hatua nne tu, ndipo linapolala gari la Kapteni: jekundu, la milango miwili, boneti yake ndefu kuliko kibanda changu cha kahawa. Kapteni hakuwahi kuwa kapteni wa kitu chochote. Alikuwa karani wa posta, ila ungemwona alivyoshika usukani ungempigia saluti. Alitutoka miezi kumi iliyopita. Gari likabaki kwa mkewe, ambaye sote tunamwita Shemeji, na ufunguo ukabaki kwenye msumari wa kibanda changu, palepale alipokuwa akiutundika mwenyewe. Mimi naitwa Birika. Nauza kahawa, nasikiliza upuuzi, na mara nyingine nachangia. Asubuhi hiyo tulikuwa na jambo zito. Shemeji alikuwa ameamua kuuza, fundi wa mnunuzi alikuwa njiani, na mnunuzi alishasema wazi: gari likiwa linavuja kweli, hatalitembeza, atalikata auze vipuri.

Soli, fundi viatu, alikuwa ametandika katoni chini ya gari tangu jana. Sasa alikuwa ameivuta na kuiweka juu ya benchi, na watu wazima watatu wameiinamia kama wanasoma barua ya serikali.

— Haya ni maji ya rejeta, alisema Wembe, kinyozi mwenyewe, kitana kikiwa sikioni.

— Maji ya rejeta ni ya kijani, akajibu Soli. Na yananukia tamutamu. Hili doa ni jeusi.

— Yamechafuka njiani.

— Njia gani, Wembe? Gari limeegeshwa!

— Njia ya humo ndani, bwana. Unafikiri mle ndani ni safi?

Gia Nne akakohoa. Huyu aliendesha basi miaka thelathini na moja, na akikohoa ujue hukumu inakuja.

— Hayo ni mafuta ya breki.

— Breki ziko kwenye magurudumu, nikamwambia. Doa liko katikati.

— Upepo umeyasogeza.

— Upepo gani unaosogeza tone chini ya gari, mzee?

— Wewe Birika umeendesha nini maishani? Mimina kahawa.

Nikamimina. Soli akalinusa doa, akalifuta kwa kidole, akakitazama kidole.

— Mnajua nini? Hili ni jasho. Chuma kikikaa juani muda mrefu kinatoa jasho.

— Jasho jeusi?

— Kwani wewe ukitoka jasho baada ya kunyoa watu kumi, shati lako linakuwa jeupe?

— Basi mimi nawaambia ukweli, alisema Wembe, akashusha sauti. Gari halina kosa. Kosa liko chini. Hapa pamepita bomba la zamani, limepasuka. Kitu kinapanda kutoka ardhini, kinaligusa gari kwa chini, halafu kinadondoka tena.

— Kinapanda halafu kinadondoka.

— Ndiyo.

— Ili kupata nini?

Wembe akakichomoa kitana sikioni, akakirudisha. Mimi nilikuwa najiuliza jambo jingine. Doa lile hata mtoto angejua ni oil ya injini, lakini hakuna aliyelitamka neno oil. Hata mimi sikulitamka. Nilikuwa na sababu zangu.

— Linalia, alisema Soli ghafla. Limesikia linauzwa.

Hakuna aliyecheka. Gia Nne alikigeuzageuza kikombe chake, na Wembe akaenda kukung'uta kitambaa ambacho hakikuwa na nywele hata moja.

Shemeji alitokea kona akiwa na mkoba wake na kopo la poda ya watoto. Alikuwa mkunga mpaka alipostaafu, na nusu ya waliozaliwa mtaa huu walipakwa poda na mikono ile.

— Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, Shemeji.

— Marehemu alikuwa akisema, ukitaka kujua linavujia wapi, unalifuta, unalipaka poda, unaliwasha. Palipolowa ndipo penyewe. Nataka nijue kabla huyo fundi hajaja. Nione mwenyewe, nisiambiwe na mgeni.

Tukafungua boneti. Tukaifuta injini kwa matambara ya Soli, Shemeji akainama na kunyunyiza poda polepole, kwenye maungio, pembeni, chini, kama anamwandaa mtoto kwenda kumwona bibi yake. Nikachukua ufunguo msumarini, nikaliwasha. Moshi wa bluu ukatoka nyuma. Tukasubiri dakika kumi, tukachungulia.

Poda ilikuwa imelowa juu. Ilikuwa imelowa mbele, na nyuma, na chini.

— Kote, alisema Gia Nne kwa sauti ndogo.

Shemeji alifunga kopo lake. Akaja akaketi kwenye benchi, upande wa tofali, mahali alipokuwa akikaa mumewe.

— Basi imetosha, alisema. Nimemuuguza mwenyewe miaka miwili. Nilimgeuza, nilimlisha, nilihesabu pumzi zake. Sitaki gari liende, msinielewe vibaya. Nikikaa humo ndani bado nasikia harufu ya koti lake. Lakini siwezi tena kukaa kando ya kitu kinachoisha tone kwa tone na mimi natazama. Siwezi, shemeji zangu. Aje alichukue.

Mimi nilijifanya napuliza mkaa. Moshi wa jiko ni rafiki wa mtu asiyetaka kuonekana machozi.

Saa nne kamili fundi akafika. Tulitegemea mwanamume mwenye tumbo. Akaja binti wa miaka ishirini na kitu, ovaroli la buluu, tochi mfukoni, tambara begani.

— Shikamooni, wazee. Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

— Ndilo lenyewe?

— Ndilo lenyewe, alisema Wembe. Tatizo ni bomba la chini ya ardhi.

Binti alimtazama kidogo, akaamua kuwa na adabu. Aliingia kwenye boneti. Hakunusa, hakuangalia katoni. Alichomoa kijiti cha kupimia oil, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakiinua juani. Oil ilikuwa imepita alama ya juu kabisa, imepanda karibu urefu wa kidole.

Akageuka.

— Nani anaweka oil humu?

— Mimi, alisema Shemeji. Nusu kikombe cha chai, kila Jumamosi. Marehemu aliniagiza.

— Nusu kikombe hakiwezi kufika hapa, mama. Humu kuna oil ya gari zima na nusu ya jingine. Ikizidi hivi, injini inaikoroga, inafanya povu, inatafuta pa kutokea, inatokea kila penye upenyo. Ndiyo maana linavuja kote. Nauliza tena, wazee wangu. Nani mwingine anaweka oil humu?

Swali dogo kabisa. Benchi zima likawa na kazi. Soli alikuwa akitafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake. Gia Nne alitazama mawingu. Mimi nikasugua kikombe safi.

Wembe ndiye aliyeshindwa kwanza. Aliingia dukani kwake, akatoka na chupa ya oil iliyobaki robo, akaiweka juu ya ukingo wa gari.

— Jumatatu tu, alisema. Kidogo tu. Kapteni aliniita hospitali. Akaniambia, Wembe, gari lina tone. Lisikauke. Usimwambie mtu, wewe peke yako ndiye ninayekuamini.

Soli akainua kichwa.

— Alikuambia hivyo wewe?

— Ndiyo.

— Wewe peke yako?

— Ndivyo alivyosema.

Soli akafungua sanduku lake la kazi. Chini ya soli na gundi palikuwa na chupa. Akaiweka kando ya ile ya Wembe. — Mimi ni Jumatano, alisema. Aliniambia nyinyi hamjui kutunza kitu.

Gia Nne naye hakubaki nyuma. Alitoa yake ndani ya koti, imefungwa gazeti, akaipanga na wenzake kwa unyoofu kama basi kituoni. Nami nikainama chini ya meza ya jiko nikaleta ya kwangu. Kila alfajiri kabla sijawasha mkaa nilikuwa nikifungua boneti, namimina, nafunga haraka nisionekane. Na wote ilikuwa hivyohivyo: haraka, kwa kujificha. Kuchomoa kijiti kungechukua muda, na hakuna aliyekuwa na muda wa kukamatwa akiwa mwema.

Shemeji alizitazama chupa nne. Akafungua mkoba wake, akatoa ya tano.

— Na mimi aliniambia, alisema, nisiwategemee nyinyi hata kidogo.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, kilio ambacho hatukukisikia hata siku ya mazishi. Gia Nne alimpa gazeti kwa kukosa leso. Tukamwacha alie. Kumbe mumewe alijua anaondoka, akatupigia hesabu sote: kati ya watano hawa, angalau mmoja atakumbuka. Hakufikiria kwamba tungekumbuka wote.

Binti alifungua nati ya chini, akaipunguza oil mpaka alama yake. Akafuta, akaomba poda, akaliwasha tena. Moshi ukapungua, ukapungua, ukaisha. Tukachungulia. Poda ilikuwa nyeupe kote, isipokuwa pembeni mwa kifuniko cha juu cha injini, tone moja.

— Gasketi ya juu, ile inayoziba maungio, imechoka, alisema. Ni hiyo tu. Nikiipata mpya ni kazi ya asubuhi moja. Hili gari si bovu, mama. Limependwa kupita kiasi. Nimwambie nini aliyenituma?

Shemeji alijifuta uso.

— Mwambie aliye hai hauzwi vipuri.

Akaingia, akaketi kwenye usukani, akalizungusha mtaa mara moja, taratibu, shingo wima kama kapteni mwenyewe. Sisi tulisimama. Hata Gia Nne, ambaye magoti yake hayapendi kusimama.

Aliporudi alinipa ufunguo niutundike, na zile chupa tano akazitia mkobani.

— Binti amesema oil iangaliwe na mtu mmoja tu, mara moja kwa wiki, na kijiti kichomolewe. Basi semeni. Ni nani huyo mmoja?

Tukainua mikono wote wanne.