Feni ya Saa Nane

Madirisha yote ya basi yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Muuguzi aliyekaa nyuma ya fundi sola alikuwa anasikiliza bila haya, maana kusikiliza hakutozwi nauli.

"Paneli mbili juu ya tela la kulala safarini, betri chini ya kitanda, feni ukutani," fundi alimweleza mama aliyekaa naye kiti kimoja. "Kazi safi. Lakini kila siku saa nane mchana betri inaliwa, na kila kitu nimekizima."

"Tela lenye komeo la shaba mlangoni?"

"Umelijuaje, mama?"

"Marehemu mume wangu alikuwa akilala humo mchana. Kiangazi kizima aliniomba feni. Nikamwambia tela halina umeme, aache deko. Tulipomzika, nikaliuza."

"Pole sana. Lakini hizo ni nyaya zimegusana tu. Feni yenyewe nimeing'oa, naipeleka karakana nikaipime." Akaugusa kwa kisigino mfuko aliousukuma uvunguni mwa kiti.

"Mrudishie, mwanangu."

"Mama, umeme haujui marehemu."

Muuguzi alikubaliana na fundi. Wafu anawajua yeye, hawaombi kitu. Ila upepo ulikuwa unampiga vifundoni. Akainama, akaona mdomo wa mfuko unapepea taratibu. Akatazama saa. Ilikuwa saa nane kamili.

Basi likasimama. Fundi akashuka na mfuko wake. Mama, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, akainuka akamfuata, akijitanda mtandio upya kama mke aliyeitwa na mumewe.