Figo za Kazungu Iha

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo kati ya Garsen na Chara, wekeni chini kidogo mlicho nacho mkononi. Leo tunamkumbuka Kazungu Iha, mkulima wa mpunga wa hapa Garsen. Kazungu alifariki mwezi uliopita kwa ugonjwa wa figo. Ameacha mke wake Dama na binti yao Mbodze.

Wengi mlimjua kwa sauti. Kazungu hakuweza kupura mpunga bila kuimba, na hakuweza kuimba bila kukosea maneno. Dama bado anacheka akisimulia. "Baba Mbodze alikuwa anatunga yake papo hapo. Mwisho shamba zima linaimba makosa yake."

Mambo yaligeuka mwaka juzi, wakati wa mavuno. Jua lilikuwa kali. Kazungu alikuwa anaharisha, lakini mpunga umeiva na ndege wameshauona. Hakumwambia mtu. Akaenda shambani, akatoka jasho siku nzima, maji akanywa kidogo sana. Jioni mgongo ukamuuma. Dama akamnunulia tembe za maumivu dukani. Kazungu akameza, akarudi shambani, akameza tena. Halafu mkojo ukakatika, uso ukavimba, akaanguka.

Alipelekwa Malindi, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Huku nyumbani maneno yakaanza. Kaka yake mkubwa, Gona, alisema bila kuficha kwamba Dama amempa ndugu yake sumu. Dama akakatazwa hata kumpelekea uji.

"Nilihamia kwa jirani," Dama ananiambia. "Nikawa najiuliza, kwani ni kweli nimemuua?"

Habari zilipomfikia Kazungu kitandani, alimwita muuguzi, Lorna. Akamwomba amweleze ugonjwa wake pole pole, maana anataka kwenda kuwaeleza watu wake.

"Mwili ukikauka, damu inapungua," Lorna alimwambia. "Mwili unataka kuulinda moyo na ubongo. Basi unatoa homoni. Homoni hizo zinaiambia mishipa midogo ya figo ibane, ili damu iliyobaki iende moyoni na kichwani."

"Kwa hiyo figo zinanyimwa?"

"Zinapunguziwa, kwa muda. Na figo zenyewe zina kemikali ya kuilegeza mishipa, isibane kupita kiasi. Tembe ulizomeza zinaizuia kemikali hiyo. Ukizimeza ukiwa umekauka, mishipa inabana na hakuna cha kuilegeza. Figo zinakosa damu, zinaumia."

Kazungu akauliza, "Dama angejuaje?"

"Asingejua. Wengi hatujui mpaka tuambiwe."

Wasikilizaji wapendwa, siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali hakwenda kulala. Aliwaita watu wote wa boma uani, na Dama kutoka kwa jirani. Alisimama ameshikilia kiti, miguu imevimba, akawaeleza. Mwili ulikauka. Homoni zikaibana mishipa. Tembe zikazuia isilegee. Akarudia tena, maana mama yake hasikii vizuri. Kisha akamgeukia Gona.

"Kaka, kuharisha niliharisha mimi, nikaficha. Dawa nilimeza mwenyewe. Ukimfukuza huyu, nifukuze na mimi."

Gona akainuka, akaondoka.

Figo hazikupona sawasawa. Kazungu aliishi mwaka na kitu kwa safari za Malindi. Dama alimwogesha na kumpikia chakula kisicho na chumvi, ambacho alikilalamikia kila siku na kukimaliza kila siku. Mwishowe mwili ukachoka.

Siku ya maziko, Dama alikaa nyuma kabisa, pamoja na majirani. Aliogopa kusogea, maana minong'ono haikuwa imekwisha. Gona akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele yake.

"Shemeji, ndugu yangu alinieleza, mimi nikakataa kuelewa. Nisamehe. Njoo mbele, uwe wa kwanza kumtupia udongo."

Dama alimshika mkono, akamwinua, wakaenda kaburini pamoja.

Kwa Dama, kwa Mbodze, kwa mama mzazi, na kwako Gona, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi mnaotusikiliza, ukiharisha au ukitoka jasho jingi, kunywa maji, na uulize kituo cha afya kabla ya kumeza tembe za maumivu. Na kama kwenu kuna mtu anayetajwa pembeni kwamba ndiye aliyeua, na hakuna aliyewahi kumuuliza ilikuwaje, leo nendeni mkaketi naye. Msikilizeni mpaka amalize.