Maisha ya Pima Tena, Fundi wa Laini za Umeme

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Pima Tena, alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Wa kwanza ni mimi ninayewasomea. Kamati imeniomba niwe mfupi na nisiseme mambo mazito. Nitakuwa mfupi.

Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, kisha sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1999. Hesabu aliziweza, historia ilimpiga chenga. Alipenda kufungua redio ya baba na kuirudisha ikiwa nzima, isipokuwa skrubu moja ambayo kila mara ilibaki mezani. "Siku moja nitabaki na skrubu tupu," baba alikuwa akisema. Mwaka 2002 alihitimu chuo cha ufundi, fani ya umeme.

Mwaka huohuo alianza kibarua cha kuchimba mashimo ya nguzo, akapanda hadi kuwa fundi wa laini, na kuanzia 2014 msimamizi wa kikosi. Jina la Pima Tena alipewa na wenzake kwa kumchoka. Kabla mtu hajagusa waya uliozimwa, alichukua ile fimbo ndefu ya kupimia, akaigusisha kwanza kwenye waya wenye umeme asikie inalia. Kisha akapima ule uliozimwa. Kisha akarudi tena kwenye wenye umeme, kwa sababu kifaa nacho kinaweza kufa katikati, kikanyamaza, ukadhani mambo ni shwari. Baada ya hapo alifunga nyaya za ardhi, zile zinazounganisha laini na ardhini, ili umeme ukirudi kwa njia yoyote usimpitie mtu. "Kipimo kinakwambia ya sasa hivi," alizoea kusema. "Ya dakika ijayo hakiyajui."

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 2008. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, friji ya sebuleni ilikuwa ikipiga shoti, na wenyeji walishazoea kuifungua kwa kitambaa. Mgeni wetu uvumilivu ukamshinda. Akavua koti, akapiga magoti nyuma ya friji, chai ikapoa mezani. Baba mkwe akauliza, "Huyu kaja kuoa au kaja kusoma mita?" Mkewe anasema hapo ndipo alipompenda. Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa nimefika pale nisipotaka kufika. Tarehe 3 Juni mwaka huu upepo uliangusha tawi juu ya laini. Kikosi chake kilizima laini na kufunga swichi kwa kufuli. Akapima, akapima tena, hakuna umeme. Lakini nyaya za ardhi zilikuwa seti moja kwa vikosi viwili, na siku hiyo zilikuwa upande mwingine wa mji. Akasema wangoje. Watu walipiga kelele chini ya nguzo, naye hakuwajali, maana kelele hizo alishazizoea. Kisha akaja muuguzi wa zahanati, akamwambia kwa upole kwamba chanjo za watoto zinaharibika kwenye friji. Msaidizi wake anasema alitazama barabara, akaona gari halitokei, akasema, "Basi, napanda."

Huko mtaani mtu akawasha jenereta aliyoichomeka kwenye soketi ya ukutani bila kuzima swichi kuu ya nyumba. Umeme ule mdogo ukatoka nje, ukaingia transfoma kwa nyuma, ukatokea juu ukiwa mkubwa wa kuua. Mwenye jenereta hajajulikana. Siku ile jenereta zilinguruma mtaa mzima. Pengine yuko hapa, ametuletea pole zake, na mwenyewe hajui.

Marehemu alilazwa wodi ya majeruhi wa moto. Mkono wa kulia ulikatwa chini ya kiwiko, kisha figo zikagoma. Hakumlaumu mtu. "Nilipima, dada," aliniambia. "Ila sikungoja." Akanishika kwa mkono uliobaki, akaniomba jambo moja: siku ya kumzika niwaambie watu wasichomeke jenereta ukutani, wamwite fundi awafungie swichi ya kubadilishia, ili umeme wa jenereta usitoke nje ya nyumba. Mdogo wetu alikuwa upande wa pili wa kitanda, analia, anaitikia kwa kichwa. Marehemu alifariki tarehe 16 Juni.

Jana alasiri, kabla karatasi hizi hazijapelekwa kuchapwa, umeme ulikatika hapa msibani. Niliingia sebuleni kwake nikakuta waya umepitishwa dirishani na kuchomekwa ukutani. Swichi kuu haijazimwa. Nje, mdogo wetu ameshika kamba ya jenereta, yuko tayari kuivuta.

"Dada, wageni wamejaa na spika zimezima," alisema. "Ni kwa muda mfupi tu."

Nilimuuliza kama anajua kwa nini umeme umekatika. Hakujua. Mwisho wa mtaa, kikosi cha marehemu kilikuwa juu ya nguzo.

Niliuchomoa ule waya. Sikumgombeza, nguvu za kugombeza sina. Lakini ikiwa maneno ya marehemu hayakukaa nyumbani mwake hata wiki moja, nanyi nawaambia nikijua yataishia getini. Nayasema kwa sababu nilimwahidi.

Ameacha mama mzazi, mke, mabinti wawili, mimi dada yake, na mdogo wake mmoja, ambaye tangu jana hajala wala hajasema na mtu. Mwendeeni, msimwache peke yake. Marehemu apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki, amani hiyo sijui tutaitoa wapi.