Mtu wa Koti Jeusi Njia ya Mwazye

Katika gari la kwenda Mwazye, Asnath alimsikia kijana wa kiti cha mbele akimsimulia bibi mmoja filamu ya kutisha: dereva kampakia mtu asiyemjua, kumbe muuaji. Mara, mbele ya gari lao, kwenye manyunyu, mtu wa koti jeusi akanyoosha mkono kando ya barabara.

"Dereva, usisimame! Ndiye huyo!" kijana akapiga kelele.

"Mjukuu wangu, baridi hii umwache mtu njiani? Hapa Ufipa?" bibi akang'aka. "Simama, mwanangu!"

Kiti kitupu kilikuwa ubavuni mwa Asnath. Aliogopa, lakini akauondoa mkoba wake hapo, akaupakata.

Gari likasimama. Mgeni akapiga makofi ya heshima. "Shikamooni. Nipokeeni kuku kwanza."

"Hata kwenye filamu alianza kwa adabu," kijana akanong'ona.

"Naye alikuwa na kuku?" bibi akauliza, mikono yake tayari iko nje ya dirisha.