Nyoka Aliyebaki Kwenye Buti

Pale Ruiru, mahali lami inapochoka na kuachia vumbi la mashamba ya kahawa liendelee na kazi, kuna ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Hapo ndipo Calvince huosha magari, na ubao huo ndio kijiwe chenyewe. Hakuna gari lililowahi kuoshwa hapo kabla ya kujadiliwa, na yapo yaliyojadiliwa mpaka yakaenda zake na uchafu wake. Mutheu, mama muuzaji, huja na thamosi ya kahawa yenye tangawizi ya kuamsha wafu, na mwenye maneno mengi ndiye hunywa baridi. Ijumaa hiyo alikuwepo Calvince, anayeitwa Mwangaza kwa sababu huapa kwamba gari likitoka mikononi mwake unaweza kunyolea ndevu mlangoni. Alikuwepo Kivuva, yaani Jaji, aliyeitwa kortini mara moja kutoa ushahidi wa kesi ya mbuzi na tangu hapo hakuacha kutoa hukumu. Na alikuwepo Sifuna, ambaye jina lake la kijiwe ni Sayansi, bawabu wa hosteli za wanafunzi kule Kahawa Wendani, msomaji wa kila karatasi wanayoitupa. Wote walikuwa wamekodolea macho buti la gari moja jekundu, na mbele ya buti hilo amechuchumaa Githae, kitambaa mkononi, jasho likimtafuta kidevu.

Sasa, Githae si mtu wa kuchuchumaa. Githae wa spea ni mtu wa kusimama wima, funguo zikizunguka kidoleni, akikueleza vile injini yako itakufa na vile yeye peke yake Ruiru nzima ndiye anayeweza kuiombea. Kumwona chini namna ile, ubao mzima ulifurahi.

— Mazee, Sayansi akasema, hiyo nyoka inanona.

— Hainoni.

— Inanona, buda. Ulipofika hapa ilikuwa nyoka ya kawaida. Saa hii imekula.

Githae akarudi nyuma hatua moja atazame. Ikawa kweli. Katikati ya buti lililopauka mpaka likawa kama fizi za mzee, alisimama nyoka mwekundu, mwekundu kabisa, amejizungusha kwenye fimbo, kichwa juu, ulimi nje.

Nyoka huyo alikuja hivi. Miaka mitatu nyuma, kwenye foleni ya Thika Road, Githae alinunua kwa mchuuzi beji ya plastiki, ile ya nyoka na fimbo ambayo madaktari hubandika magarini. Akaipachika kwenye buti. Tangu siku hiyo polisi wa barabarani wakawa wanamwinamishia kichwa, na walinzi wa maegesho wanamfungulia mnyororo. Githae hakumdanganya mtu. Nyoka ndiye aliyekuwa anadanganya, yeye alikuwa anaendesha tu.

Kisha akampata Bridget, msichana wa Makongeni, Thika, na usiku wa kwanza kumrudisha kwao, mama yake Bridget alitoka getini akakuta gari linaondoka. Sura ya kijana hakuiona. Buti aliliona. Jumapili iliyofuata akina mama wote kanisani walijua kwamba binti wa Mama Bridget amepata daktari. Bridget akamwambia Githae amrekebishe mama. Badala yake, siku ile mama aliposalimu kwa simu akilalamika kichwa, Githae alikohoa kidogo akasema, mama, kunywa maji mengi.

Kesho, Jumamosi, ndiyo siku ya kwenda kujitambulisha. Na Bridget alikuwa amemaliza maneno yake jana: njoo kama muuza spea au usije. Ukileta hiyo nyoka kwetu, mimi ndio nitakufungia geti.

Basi Githae aliamka, akamwaga maji moto juu ya beji, akaipitishia uzi wa kushonea viatu kwa nyuma, ikatoka bila kelele. Gundi akaisugua kwa mafuta ya taa. Akatabasamu. Halafu akapangusa, na nyoka akamtazama.

— Shida yako, Jaji akasema, uliondoa beji bila kumpa notisi. Mpangaji hatolewi hivyo. Mficha uchi hazai.

— Hiyo methali inaingia wapi hapo, Jaji?

— Inaingia kwa buti. Endelea kusugua.

— Nimesugua na kompaundi, hii dawa ya kung'arisha rangi, tangu saa tatu. Kila nikisugua inang'aa.

— Inang'aa nini?

— Nyoka.

Calvince alikuwa anaosha matairi ya pikapu ya maziwa pembeni, mgongo umewageukia. Akacheka peke yake. Githae alimsikia akajifanya hajasikia. Tangu mwaka jana alikuwa akimwambia Calvince kwamba kuosha magari si kazi, ni kuoga tu kwa niaba ya wengine, na sasa ulimi ulikuwa mzito kuomba.

— Niskizeni, Sayansi akasema, akaweka kikombe chini, na Sayansi akiweka kikombe chini jua umepatikana. Gari imepauka kwa nini? Jua. Nyoka haijapauka kwa nini? Ilikuwa chini ya beji, haikuona jua. Ama nadanganya?

— Hapo umesema.

— Kwa hivyo dawa ya jua ni jua. Chukua blanketi, funika gari yote. Kata shimo. Shimo la shepu ya nyoka, mazee, sawasawa, na ulimi wake. Halafu acha gari nje. Jua linaingia kwa shimo, linachoma nyoka peke yake mpaka afanane na wenzake.

Hata Jaji aliinamisha kichwa kwa heshima.

— Itachukua muda gani? Githae akauliza.

— Hii ilichukua miaka mitatu.

— Naenda kesho, Sayansi.

— Basi tafuta jua kali.

Mutheu akamimina kahawa akisema kwao Machakos jua lipo la kutosha, wangemwambia mapema angewabebea kwa debe.

— Funika na stika, Jaji akasema. Stika kubwa. "Mungu Amenitoa Mbali." Mama mkwe akisoma hiyo hata hatauliza ulitolewa wapi.

— Atauliza. Yule mama hubandua vitu. Bridget anasema alibandua lebo ya mtungi wa gesi ili aone chini kuna nini.

— Sawa. Basi usimwonyeshe nyuma. Unaingia Makongeni mbele, unapaki pua ikiangalia nyumba. Ukitoka, unatoka rivasi.

— Mpaka wapi?

— Mpaka Thika Road. Kwani gia ya rivasi waliweka ya nini? Haraka haraka haina baraka, lakini hawakusema chochote kuhusu kinyumenyume.

— Na watakaokuwa nyuma yangu nikiingia?

— Hao si wakwe zako.

Githae alishikilia buti asianguke kwa hasira, au kwa kicheko, hata yeye hakujua. Lililomkera zaidi ni kwamba kidogo alikuwa amelipima hilo wazo. Alikuwa amefika mpaka kwenye tuta la kwanza.

— Mimi naona mnapigana na nyoka bure, Sayansi akarudi, sauti imeshuka kama mtu anayetoa siri ya serikali. Nyoka haina makosa. Nyoka inasema hapa kuna daktari. Kinachokosekana ni nini? Daktari. Kwa hivyo msitoe nyoka. Badilisheni mtu.

— Ati nini?

— Kuna kozi, mazee. Nimeona karatasi pale hosteli. Huduma ya kwanza. Wanakufundisha kufunga bandeji na kupuliza mtu hewa. Ukitoka hapo wewe si daktari, sawa, lakini pia huwezi kuitwa mwongo. Uko katikati.

— Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, Jaji akahukumu. Mahakama imekubali.

Hapo Calvince akafunga bomba. Maji yalipokoma, kila mtu akasikia vile walivyokuwa wakipiga kelele.

— Githae, akasema, hebu hicho kitambaa.

Githae akampa. Kilikuwa kimetapakaa wekundu.

— Hii rangi imetoka wapi?

— Kwa nyoka.

— Poa. Sasa chukua hiki nyeupe. Acha nyoka. Sugua hapa kando, penye haujagusa. Weka kompaundi kidogo, sugua kwa mzunguko, polepole, usisugue kama mtu anafuta dhambi.

Githae akasugua. Kitambaa kikatoka na kitu cha waridi, kama chaki iliyolowa. Calvince akakinusa, hakuna aliyejua kwa nini, labda ilikuwa maonyesho tu.

— Unaona? Hiyo ni rangi iliyokufa. Gari hii ya zamani haina ile ngozi ya kioo juu, jua limekula rangi yenyewe. Bahati yako. Ingekuwa ile ya kioo na imebabuka, ungeenda kwa wapuliza rangi, hadithi iishe.

— Sasa nyoka?

— Nyoka haina shida. Wewe unaamka unaona nyoka nyekundu, unasema nyoka imekolea. Haijakolea. Hiyo ndiyo rangi gari ilizaliwa nayo. Ni gari ndio imepauka pande zote, nyoka ikabaki. Tena wewe umeshinda hapo unasugua mahali pamoja tu pazima.

Jaji alikuwa amesimama, ameegemea mbele, macho yameng'ang'ania doa lile dogo kando ya mkia wa nyoka. Doa lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Na hapo lilipogusana na mkia, mkia haukuonekana tena uliishia wapi.

— Umeona hiyo? Sayansi akanong'ona. Imemezwa.

— Rudia, Jaji akasema. Rudia hapo, nione.

Wakasugua. Hapo ndipo ingekufaa uwepo, uone wanaume wazima wamelizunguka buti kama watu waliopata kisima. Calvince alitoa ile mashine yake ya kung'arisha, iliyofungwa shingo kwa utepe wa gundi, akaanzia kona ya chini akipanda. Jaji alishika waya usiloe. Sayansi alipangusa vumbi, akieleza kila alichokiona dakika moja baada ya wote kukiona. Githae alifuata nyuma na kitambaa safi. Mkia ukaenda. Fimbo ikaenda kuanzia chini. Buti lilikuwa linarudi, jekundu la kuumiza jicho, na Githae, ambaye alilinunua gari hilo likiwa limeshachoka, hakuwahi kujua kwamba lilikuwa zuri namna hiyo.

— Lakini ujue, Calvince akasema juu ya kelele za mashine, tukimaliza buti lazima tufanye gari yote. Halafu nta juu. La sivyo utakuwa na buti ya gari mpya na gari ya babu yako.

— Fanya yote.

— Na utasema.

— Nitasema nini?

— Utasema Calvince ana kazi.

Kabla Githae hajajibu, umeme ukapotea, mashine ikalia chini chini ikanyamaza. Kwenye buti kilikuwa kimebaki kichwa cha nyoka tu, na ulimi nje, kinaelea hewani bila mwili wala fimbo.

— Hodi hapa, sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, kitambaa cha kanisa kichwani, mfuko wa kliniki umebanwa kwapani, viatu vyake vyeupe kwa vumbi. Hakuwatazama wao. Alikuwa anatazama kile kichwa.

— Nilikuwa natoka kliniki hapa Ruiru, naenda stejini kupanda matatu, nikaona hii gari kutoka kule barabarani. Nikasema hapana, hii naijua. Mimi ni mama yake Bridget. Daktari ni nani hapa?

Githae hakumwona mtu yeyote akisogea, lakini ghafla alikuwa amebaki peke yake mbele ya buti, na wale wengine wote walikuwa wameketi ubaoni wakichungulia vikombe.

— Habari yako, mama, akasema. Mimi ndio Githae.

— Ah, nyathina, mtoto wangu. Uso wake ukafunguka. Mungu ni mwema, nilikuwa nikuulize kesho, lakini kesho ni mbali. Akafungua mfuko, akatoa pakiti mbili za tembe. Wamenibadilishia dawa ya presha leo. Hii nyeupe na hii ya manjano. Foleni ilikuwa ndefu, yule msichana akaongea haraka. Nianze na gani? Na ni kabla ya chakula ama baada?

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza saa. Githae akageuka kuutazama ubao. Hapo palikuwa na Jaji mwenye hukumu ya kila kesi, na Sayansi aliyesoma karatasi zote za Wendani. Jaji alikuwa akikagua kucha. Sayansi alikuwa akikagua kucha za Jaji.

Ilimjia kukohoa. Kikohozi kilikuwa tayari kooni, kile kile cha simu, na baada yake lilikuwa limepanga foleni lile neno, maji mengi. Akazitazama tembe kwenye kiganja cha mama. Kilikuwa kinamngoja tu.

— Mama, akasema, usimeze chochote. Mimi si daktari. Mimi nauza spea za magari, hapo juu karibu na stejini. Sijawahi kuwa daktari. Kliniki hawajafunga bado, nikupeleke tumuulize yule msichana tena, aongee polepole, mimi nisikie na wewe usikie.

Mama Bridget akarudisha pakiti mfukoni, moja moja, akafunga zipu. Kisha akasogea karibu na buti, akakigusa kile kichwa kwa kidole, akakiangalia kidole.

— Sasa huyu, akauliza, alikuwa anamtibu nani?

Alimwangalia Githae, akamwangalia Calvince na mashine yake, akamwangalia Jaji, akamwangalia Sayansi. Alikuwa anataka kujua kweli. Mutheu akainamisha thamosi juu ya kikombe cha Jaji, na hakikutoka kitu.

Githae akakimbilia mlango wa mbele, ule wa abiria, akaufungua wazi, akapangusa kiti kwa mkono wa shati. Mama Bridget akampita. Akafungua mwenyewe mlango wa nyuma, akaketi katikati, akauweka mfuko mapajani.

— Haya, dereva, akasema. Twende.