Asubuhi ya Sauti, Mchana wa Data

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya duka la vyuma, na asiyewahi anakunywa kahawa yake wima. Siku hiyo Mzee Dakika, fundi saa, aliwahi. Alikaa katikati, mguu juu ya mguu, uso umekunjuka kama mtu aliyeshinda kesi. Na kweli alikuwa ameshinda. Nyumbani kwake kuna simu moja tu ya mezani, na tangu mkamwana wake aanze kufanyia kazi humo ndani, kutuma na kupokea mahesabu ya ofisi kwa kompyuta iliyounganishwa na simu hiyo, ule waya ukawa haushikiki. Kila anayepiga anaambulia tuu-tuu-tuu. Basi jana, wakati wa chakula, mzee akaja juu. Binti yake wa pekee, anayeishi mbali, yuko hospitali anasubiri kujifungua mtoto wa kwanza, na ameahidi kumpigia baba yake mwenyewe.

— Nikawaambia, asubuhi waya ni wa sauti, mchana ni wa data. Mkamwana akaitika, "Sawa, baba." Yakaisha.

— Hapo umefanya la maana, alisema Kipaza, mnadi wa mitumba, ambaye hata salamu yake inasikika mtaa wa pili. Data ni nyepesi, Mzee, inapita juu juu. Sauti ni nzito, inalala chini ya waya. Zikikutana, sauti inakabwa.

— Nani kakudanganya? alidakia Daktari, muuza sumu ya panya aliyepewa udaktari hapo hapo kijiweni. Data haikabi, inatafuna. Hujawahi kuinua simu ukasikia kshhh? Ndiyo meno yenyewe hayo.

— Acha uongo wako, alisema Kipaza.

— Uongo? Shangazi yangu alipiga akasema, "Tumefika salama, msihangaike kuja." Sisi tukapata "kuja" tu, mengine yote yameliwa njiani. Tukaenda ukoo mzima.

Muuza kahawa, akizungusha vikombe, naye hakutaka kupitwa.

— Mimi nasikia kinacholiwa hakipotei. Kinatokea kwenye kompyuta. Mjukuu akilia simuni wakati data inapita, kile kilio kinachapwa karatasini.

— Kilio kinaandikwaje? aliuliza Mzee Dakika.

— Kwa herufi kubwa, alisema Daktari bila kusita.

Mzee Dakika alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu. Mjukuu! Hata kwa utani, neno lenyewe lilikuwa tamu. Akaagiza kikombe kingine, na wenzake wote akawaongezea.

Hapo akafika mama mmoja, saa ya ukutani kwapani.

— Hamjambo hapa. Namtafuta fundi saa.

— Ni mimi, mama. Vumilia kidogo, tuna jambo la simu.

Wakamsimulia lote, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

— Hongera, baba. Sasa huyo binti akipiga asubuhi hii, anapokea nani?

Mzee Dakika akawaza: kijana wake yuko kazini, mama wa kijana kaenda kwa dada yake. Mkamwana, kwa kuwa kanyang'anywa waya, kachukua kikapu kaenda sokoni; kapita hapo hapo kijiweni, tena kamwamkia kwa adabu zote. Mzee akainuka.

— Nyumba imefungwa, alisema polepole. Ufunguo kaniachia mimi.

Akaondoka mbio, na kijiwe kizima nyuma yake, muuza kahawa na birika lake, mama na saa yake. Walipofika mlangoni simu ilikuwa inaita. Mzee akapapasa mfuko huu, akapapasa ule, ufunguo ukamponyoka, akauokota, mlango ukafunguka. Simu ikaita tena mara moja, akaidaka.

— Wa kike? Na wewe mzima? Nashukuru, mwanangu. Nashukuru sana.

Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Wale mlangoni wakashikana mikono, wakipongezana kana kwamba wamezaa wao. Kisha binti akauliza kitu huko aliko. Mzee akajifuta uso kwa kanzu na kuwapa wenzake mgongo.

— Mimi? Sijabanduka hapa, mwanangu. Nimeikalia hii simu tangu alfajiri.